Kuiwasha ni kazi ya mwisho: nilivyojifunza kufufua chensoo za zamani

Huku Mafinga, mkoani Iringa, chensoo haihesabiwi umri kwa miaka. Inaitwa kuukuu siku spea yake inapokosekana dukani, basi. Kabla ya hapo ni mashine ya kazi kama nyingine. Ndiyo maana nyuma ya mabanda ya wapasuaji wa mbao, kuanzia Kinyanambo hadi njia ya Nyololo, utakuta misumeno iliyoingia nchini enzi za miradi ya misitu ya Waswidi na Wanorwei imelala kwenye viroba, imekosa kiwambo cha kabureta, kile kiutando chembamba kinachosukuma mafuta, cha bei ya chakula cha mchana. Hizo ndizo ninazokusanya. Nimeandika haya kwa sababu kila mwezi kuna mtu anayepita uwanjani kwangu na kiroba mkononi, ameshamlipa fundi, na mashine imeshakufa mara ya pili.

Mimi si fundi wa kusomea. Nina uwanja mdogo wa mbao, nauza paini za mbili kwa nne na moja kwa nane, na muda wangu mwingi unaishia kwenye daftari la madeni. Chensoo ya kwanza iliingia kwangu kupitia daftari hilo. Mpasuaji mmoja niliyekuwa namdai laki mbili na nusu alikuja jioni, akatua kiroba juu ya marobota ya mbao, akasema: "Mama, hela sina. Chukua hii, ikifufuka tumemalizana." Ndani kulikuwa na Stihl 070 isiyo na cheni, imejaa unga wa mbao ulioganda na oili chafu hadi huoni rangi.

Kwa asiyeijua: 070 ni mtoto wa Contra, msumeno ambao Stihl waliutoa mwaka 1959 na ambao uliondoa gia katikati ya injini na cheni. Injini yake ina sentimita za ujazo 106, karibu sawa na ya bodaboda ndogo, lakini unaibeba mikononi. Haina kasi. Ina nguvu ya kuvuta bapa refu, ule ulimi wa chuma unaobeba cheni, kutoka mwanzo wa gogo hadi mwisho bila kuchoka, na hiyo ndiyo sababu wapasuaji wa mbao wa huku waliipenda na bado wanaipenda. Haina breki ya cheni wala mipira ya kuzuia mtikisiko kwenye mishikio. Hilo nitalirudia, maana watu wanalichukulia kama jambo dogo.

Nilimpelekea fundi wa pikipiki aliye jirani na uwanja. Alifanya wanachofanya wengi: alisafisha plagi, akamimina petroli kidogo moja kwa moja kwenye silinda, akavuta kamba. Ikawaka! Vijana wakakusanyika, mimi mwenyewe nikapiga makofi. Akaibana mafuta hadi mwisho ili "ijisafishe". Ililia kwa sauti nyembamba, kali, safi, nikaamini nimeokota mali. Haikupita muda ikashuka ghafla na kunyamaza, na kamba ikawa haivutiki. Nilimlipa elfu thelathini.

Kilichotokea nilikielewa baadaye, na ukikielewa wewe leo umeokoa pesa zote ninazozitaja humu. Injini hizi za 2T, yaani za mipigo miwili, hazina oili ya chini kama ya pikipiki. Petroli iliyochanganywa na oili hupitia kwanza kwenye kasha la krenki, inalainisha beringi na pistoni njiani, ndipo inapanda kuungua. Kwa hiyo kasha lile lazima lizibwe kabisa. Kwenye krenki linazibwa na sili mbili za mpira, moja nyuma ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, na nyingine nyuma ya klachi. Mpira ukikaa miaka na miaka kwenye kiroba unakauka. Chensoo inaanza kuvuta hewa pembeni, mchanganyiko unakosa mafuta, na kwa kuwa oili iko ndani ya mafuta, oili nayo inapungua. Injini inapandisha mizunguko, inachemka, inalia vizuri kuliko ilivyowahi kulia, halafu pistoni inakaba. Ile sauti niliyoipigia makofi ndiyo iliyokuwa inaiua.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja mstaafu aliyeendesha chensoo Shamba la Miti Sao Hill tangu ujana wake. Nilimkuta ameketi juani, koti limefungwa hadi shingoni, maana ilikuwa Julai na baridi ya Mufindi unaijua.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Umeniletea mgonjwa?"

Hakuigusa kwanza. Aliuliza: "Ililia sana kabla ya kunyamaza?"

"Sana, mzee. Ililia vizuri kweli."

"Basi ilikuwa inakuaga."

Alinifundisha mengi, ila la msingi lilikuwa moja, na alilisema kila nilipotaka kuharakisha: kuiwasha ni kazi ya mwisho. Mashine iliyolala hupimwa kwanza ikiwa kimya. Ukishaiwasha bila kuipima umeiuliza swali ambalo jibu lake linaweza kuwa pistoni mpya.

Tulianza kwa kufungua eksozi. Hii ifanye hata kabla hujatoa hela yako kwa muuzaji. Ni boliti chache tu. Ukitoa eksozi unaiona pistoni kwa macho kupitia tundu la moshi. Ukivuta kamba polepole inapita mbele yako. Pistoni nzima inang'aa, ina mistari ya msasa ya kiwandani. Yangu ilikuwa imechanika kwa mistari mirefu upande wa moshi, na ringi imeganda ndani ya mfereji wake. Upande wa moshi ndio wenye joto zaidi, ndio unaotangulia kukaba. Leo sinunui chensoo ambayo mwenyewe anakataa nifungue eksozi. Atakwambia "iko fiti, ni plagi tu". Mwambie plagi atoe yeye.

Kufungua silinda kuna mitego. Skrubu za zamani zimeng'ang'ania kwenye kasha, na kasha lenyewe ni la magnesiamu, laini na jepesi kuvunjika masikio. Usizilazimishe kwa bisibisi ya kawaida. Utachubua vichwa ubaki unalia. Pasha eneo lile moto kwa maji yanayochemka, gonga kichwa cha skrubu taratibu, tumia bisibisi ya kugonga, subiri, rudia. Klachi nayo: kwenye chensoo nyingi hufunguka kwa kuzungusha kulia, kinyume na nati ya kawaida. Kuna watu wamekata krenki kwa kutojua hilo. Na ili pistoni isizunguke unapofungua, usichomeke bisibisi kwenye tundu la plagi kama nilivyoona ikifanyika. Itatoboa kichwa cha pistoni. Ingiza kamba ya katani, ijae juu ya pistoni, itazuia bila kujeruhi chochote.

Silinda niliyodhani imekufa haikufa. Kinachoonekana kama mikwaruzo mara nyingi ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka na kunata kwenye ukuta wa silinda uliopakwa kromu. Kromu ni ngumu, alumini ni laini. Mzee aliagiza asidi ile ya kusafishia vigae, ambayo ni asidi ya chumvi. Unaichovya kwa kijiti cha pamba ya masikio na kugusa alama ya alumini tu. Inatoa povu inapokula alumini, na povu likikoma alumini imekwisha. Futa, osha kwa maji ya sabuni, kausha, paka oili hapohapo. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, na glovu mkononi. Isiguse matundu ya silinda, maana pale hakuna kromu, itakula silinda yenyewe. Na isikaribie kasha kabisa: asidi yoyote, hata limao na maji ya betri ambayo mafundi wetu wanayapenda kwa kuondolea kutu, inatafuna magnesiamu. Baada ya kusafisha, pitisha ukucha. Ukucha ukiteleza, silinda inafaa. Ukikwama mahali ambapo kromu imebanduka, nunua nyingine, hakuna dawa.

Kwa hiyo nilihitaji pistoni, ringi, sili, beringi na kiti cha kabureta, yaani seti ya spea zake ndogo. Hapa ndipo hela zilipoyeyuka. Spea za 070 bado zipo kwa wingi, nyingi ni za kuiga, na kwenye maduka ya Gerezani pale Dar utazipata kwa bei tatu tofauti kwenye duka lilelile. Nilitumiwa kwa basi pistoni ambayo ringi zake ziligusana ncha zilipoingizwa kwenye silinda. Ringi ikipata joto inarefuka. Ikikosa nafasi inavunjika. Nikalipia nauli ya kurudisha na ya kuletewa nyingine. Tangu hapo naomba muuzaji apime kipenyo kwa kalipa na kunipigia picha kipimo, na nikipokea ringi naiingiza peke yake ndani ya silinda kwanza kuona kama ncha zimeachana.

Sili na beringi hazihitaji duka la chensoo. Kwenye sili kuna namba tatu: kipenyo cha ndani, cha nje na unene. Beringi ina namba ubavuni, na ni namba za dunia nzima. Nenda nazo kwenye duka lolote la beringi. Angalia kitu kimoja tu: kama ya zamani imeandikwa C3, mpya iwe C3, kwa sababu ina nafasi ya kutanuka kwenye joto la krenki. Muuzaji mmoja aliniambia "hiyo C3 ni urembo tu, mama". Sikununua kwake.

Sasa nifike kwenye kipimo chenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Miongozo ya ufundi ya Stihl hutaka kasha lijazwe hewa ya bar 0.5, na ishike angalau sekunde 20 bila kushuka. Pampu maalum ya kazi hiyo ipo, ila bei yake si ya watu wa marobota. Mama mkwe wangu ana presha, na alikuwa na kipimo cha zamani cha kufunga mkononi, mfuko wake wa nguo umepasuka lakini saa na kipira vinafanya kazi. Saa ile inaishia 300. Hiyo ni kama bar 0.4, inatosha kabisa kuonyesha tundu lilipo.

Nilichukua plagi iliyokufa, nikavunja kauri yake yote, nikabaki na ganda la chuma lenye uzi, fundi akachomelea kijibomba pale juu. Mpira wa kipimo cha presha ukaingia pale. Tundu la moshi nililiziba kwa kipande cha tyubu ya baiskeli kilichobanwa na eksozi yenyewe, na upande wa kabureta vivyo hivyo kwa kibati. Kijibomba cha msukumo, kile kinachotoka kwenye kasha kwenda kusukuma kiwambo cha kabureta, nikakiziba nacho. Halafu unashusha pistoni hadi chini kabisa. Ikiwa chini, matundu ya pembeni ya silinda yanafunguka, hewa unayopuliza kwenye tundu la plagi inashuka hadi kwenye kasha lote.

Nikapiga kipira. Mshale ukapanda hadi 250, ukaanza kushuka huku nautazama. Nilipaka povu la sabuni ya kufulia kila kiungo kwa brashi ya rangi. Chini ya silinda, kimya. Upande wa klachi, kimya. Nyuma ya flaiwili vikatokea viputo vidogo, vinajipanga kuzunguka krenki kimoja baada ya kingine, vinapasuka na kurudi. Sili mpya, niliyoiweka mwenyewe wiki hiyo! Nilipoitoa niliona mdomo wake umekunjika. Nilikuwa nimeusukuma kwenye ncha ya krenki yenye uzi bila kuufunika. Ukifunga sili, zungushia uzi ule nailoni nyembamba iliyopakwa oili, sili iteleze juu yake, ndipo uchomoe nailoni. Ya pili ilishika. Nilikaa nikitazama saa ile mshale umesimama, mama mkwe akauliza kutoka jikoni, "Presha ya nani hiyo?"

Jambo la kuongeza: kipimo cha kupuliza si kamili. Sili inaweza kushika hewa inayosukumwa nje na bado ikaachia ikivutwa ndani, kwa jinsi mdomo wake ulivyoelekea. Ukipata namna ya kuvuta, pima kote kuwili. Ukikosa, badilisha sili zote mbili hata kama zinaonekana nzima. Bei yake haifiki hata robo ya pistoni.

Umeme wa 070 yangu ni wa platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, si wa elektroniki kama za baadaye. Platini zilizolala hujijengea ukungu usioonekana. Pitisha msasa laini kabisa, kisha karatasi safi, na uweke nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.4. Plagi 0.5. Flaiwili itoke kwa kifaa chake maalum cha kuivuta. Akija mtu na nyundo, mfukuze. Kabureta ni Tillotson, ya kiwambo. Kiwambo kikikauka kinapiga kelele ukikibonyeza, kama karatasi ya biskuti, na huo ndio mwisho wake. Badilisha kiti chote, osha matundu kwa petroli safi na upepo, usichokonoe kwa waya. Skrubu mbili za mafuta anzia mzunguko mmoja wazi kila moja, halafu utarekebisha ikiwaka.

Mchanganyiko: mashine za zamani pamoja na oili ya 2T ya kawaida ya dukani, mimi natumia 1 kwa 25, yaani mililita 200 kwa lita 5. Oili nzuri ya kisasa iliyoandikwa kwa ajili ya chensoo inaruhusu 1 kwa 50, mililita 100 kwa lita 5. Pima kwa chupa yenye alama. Kukadiria kwa kifuniko cha maji ya kunywa ndiko kulikoua chensoo nyingi hapa kuliko miti migumu. Na petroli ya kukaa kwenye kidumu tangu kipupwe hadi masika achana nayo.

Siku ya kuiwasha mzee alikuja mwenyewe. 070 ukiivuta kwa kusita inakurudishia kamba na vidole vinaumia, kwa hiyo unavuta kwa nia moja. Iliwaka, ikakaa sailensa, yaani mwendo wa chini, nikataka kuibana. Akanishika mkono. Alitaka tufungue kwanza skrubu ya mafuta mengi hadi injini igugumie kidogo ikiwa mwendo wa juu bila mzigo, kisha ikiingia kwenye gogo kule kugugumia kuishe. "Chensoo ya kupasulia hailii, mwanangu. Inanguruma."

Ukijumlisha deni nililolisamehe, fundi wa kwanza, spea, nauli za vifurushi, mchomeleaji na mkerezaji, 070 ile imenila zaidi ya laki sita. Kwa pesa hiyo ningeongeza kidogo nikachukua mpya ya kuiga. Mume wangu alilisema hilo mara moja tu, lakini kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu. Ukitaka faida, usiingie huku. Zilizofuata zimekuwa nafuu kwa sababu vifaa ninavyo na sikulipa tena ada ya ujinga, ila hakuna niliyoiuza kwa faida ya kutamba.

Sasa ninazo chache: 070 mbili, Husqvarna 61 iliyokuwa imetupwa nyuma ya dingdong moja iliyokufa, yaani mashine ndogo ya kupasulia mbao, na Jonsereds nyekundu ambayo ndiyo inayoninyima usingizi. Waswidi hawa wawili wana historia ndefu: Jonsereds walitoa Raket mwaka 1954, Husqvarna wakatoa chensoo yao ya kwanza 1959, mwaka uleule wa Contra. Ukishika mishikio ya 61 baada ya 070 unaelewa kilichobadilika katikati. Injini imetenganishwa na mikono yako kwa mipira, na mbele kuna breki ya cheni.

Hapa ndipo narudi kwa mzee. Asubuhi ya baridi vidole vyake viwili vya mkono wa kushoto hugeuka vyeupe kama chokaa kuanzia ncha hadi kiungo cha pili, na mpaka uji wa moto upite mikononi mwake hawezi kufunga kifungo cha shati. Ni mtikisiko wa miaka. Mishipa midogo ya damu na ya fahamu imeharibika, na havirudi. Kwa hiyo 070 zangu hazikodishwi kazini. Vijana wanaomba, nawakatalia. Naziwasha, zinapasua gogo la maonyesho kwa dakika chache, zinazimwa. Anayetaka kufanya nayo kazi ya kutwa nzima atafute yenye mipira na breki, avae buti na suruali ya kukatia, na hapo hata mimi nitamsaidia kuikagua.

Kuhusu kununua. Usinunue iliyofutwa namba. Bamba la namba likikwanguliwa, ama imeibwa ama mwenyewe anajua kitu. Misumeno hii inatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo pita ofisi ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania) ya wilaya uulize utaratibu kabla hujaiwasha hata nyumbani, na mwambie muuzaji akuandikie karatasi ya mauziano mbele ya mjumbe. Nimeona mtu akinyang'anywa mashine aliyoifufua kwa miezi, na hakuwa mwizi. Hakuwa na karatasi tu. Usipake rangi mpya. Rangi ya kiwandani iliyochakaa pamoja na bamba lake ina thamani kwa mkusanyaji kuliko rangi ya kopo inayong'aa, na rangi mpya huficha nyufa za kasha. Osha kwa mafuta ya taa na brashi, basi. Usikubali mtu asage kasha la magnesiamu kwa grainda karibu na jiko au cheche: unga wake unawaka, na ukiumwagia maji unazidi.

Cheni nitaisema kwa ufupi kwa sababu wapasuaji wa huku wananishinda. Jino la cheni mnaloliona leo lilibuniwa na Mmarekani Joseph Buford Cox mwaka 1946, baada ya kutazama buu la mbawakawa likitafuna kisiki kwenda kushoto na kulia. Alianza kuziunda kwenye chumba cha chini cha nyumba yake Portland, mwaka 1947. Mabuu ya namna hiyo nayaona kila siku kwenye magogo yaliyokaa sana uwanjani, na sikuwahi kuwaza chochote zaidi ya hasara. Kwa cheni kubwa ya 070 tupa yake ni ya milimita 5.5. Ya kukatia mti hunolewa kwa pembe ya digrii 30 hivi; ya kupasulia mbao kwa urefu, shusha hadi 10. Ukitumia ya kukatia kupasulia, injini inateseka na mbao inatoka na mawimbi, na mnunuzi atakukata bei.

Ukimaliza kuiwasha, mwaga petroli yote, iwashe tena iishe yenyewe, halafu tia matone ya oili ya 2T kwenye tundu la plagi na uvute kamba polepole. Mimi nazihifadhi stoo ya nje. Nilijaribu kuziweka sebuleni, nikaambiwa nichague.

Jonsereds bado haijakubali. Inashika presha, kompresheni ipo, ikiwa baridi inawaka kwa mvuto wa pili, ikipata joto cheche inakata. Nimebadilisha kondensa, bado, kwa hiyo nashuku koili. Nimeambiwa kuna fundi Makambako anayesuka upya koili za pikipiki za zamani. Nikienda nitabeba flaiwili pia, kwa sababu kama sumaku yake imechoka, kusuka koili itakuwa kutupa hela.